Ukiacha Sigara, Sahani Yako Itabadilika

Anayepanga kuacha sigara hubeba swali moja kimyakimya, nalo halimwambii hata daktari: nitanenepa kiasi gani? Jibu lipo, na afadhali tuanze nalo. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio mengi na kufuatilia uzito wa watu walioacha sigara bila kutumia dawa. Baada ya miezi 12, kwa wastani, walikuwa wameongezeka karibu kilo 4.7. Kilo moja na ushei iliingia mwezi wa kwanza, karibu tatu zilikuwa zimeshaingia kufikia mwezi wa tatu, kisha kasi ikapoa. Wastani huo unaficha mengi. Watu 16 katika kila 100 walipungua, na 13 katika kila 100 waliongezeka zaidi ya kilo 10.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mwili hautaongezeka. Wengi wataongezeka. Ninachokikataa ni kile kinachosemwa baada ya hapo: basi bora niendelee kuvuta. Kilo 4.7 kwa mwaka, ukizigawa kwa siku, ni karibu kilokalori 100 za ziada kila siku. Andazi moja la mgahawani kwa kawaida lina zaidi ya hizo. Vita ya andazi moja kwa siku inapiganika, na makala hii inahusu namna ya kuipigana.

Kwetu jambo hili lina sura mbili, na ni vizuri ujue uko upande gani. Yuko dada wa ofisini anayevuta kwa kujificha, ambaye amejiaminisha kwamba zile sigara nne za siku ndizo zinazomtunzia kiuno. Na yuko dereva au mvuvi ambaye kila akienda kwao anaambiwa sigara imemkausha, na siku akiacha na mashavu yakajaa, mama mkwe atafurahi na kumwambia amenawiri. Huyu wa pili haogopi kilo tano, anazitamani. Lakini naye ana la kuangalia, na nitalifikia.

Sigara huchezea uzito kwanza kwa kuharakisha mwili. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya pafu kuvuta, mwili unamwaga adrenalini, moyo unaongeza mapigo na nishati inaungua bila wewe kufanya kazi yoyote. Mwaka 1986 watafiti waliwaweka wavutaji wachache kwenye chumba maalumu cha kupimia nishati, wakalinganisha siku waliyovuta sigara 24 na siku waliyokaa bila. Siku ya kuvuta mwili ulitumia nishati zaidi kwa karibu asilimia 10, yaani kama kilokalori 200. Ukiacha, uunguaji huo unakoma, na hata ukila chakula kilekile cha jana, kuna kiasi kinabaki.

Pia nikotini huzima njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwa panya kwamba nikotini huamsha seli fulani za ubongo, sehemu ya hipothalamasi, ambazo kazi yake ni kuuambia mwili kwamba umeshiba. Mvutaji basi hupokea taarifa ya shibe ambayo tumbo halijaituma. Sigara ikiondoka, taarifa zinarudi kuwa za kweli, na njaa inakuja kama mgeni aliyefungiwa mlango muda mrefu. Juu ya hapo pua na ulimi vinaamka ndani ya siku chache. Mchuzi unanukia, embe linakuwa tamu kuliko ulivyozoea, na wewe unaongeza kijiko.

Hayo mawili madaktari wanayaeleza vizuri. Jingine huwa halipewi nafasi, nami naliona kubwa kuliko yote mawili: kwa mvutaji, sigara ndiyo nukta inayofunga mlo. Mwangalie anayevuta anapokula hotelini. Anasukuma sahani, ananawa, anajipapasa mfukoni, anawasha, anaegemea kiti. Mlo umekwisha. Kijana mmoja wa bajaji kijiweni mtaani kwetu aliniambia hivi: “Mzee, nikiinuka bila fegi naona kama sijala.” Alikuwa anasema kweli tupu. Akiacha sigara, mlo wake hauna mwisho. Anakaa pale pale, anamega tonge jingine, anaagiza soda, anachokoa ukoko. Njaa hana, ila anatafuta mahali pa kuishia na hapaoni.

Kijana huyohuyo ukimfuatilia siku nzima utaelewa namna sigara inavyopanga chakula cha mtu. Saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani na kahawa chungu na sigara mbili. Saa nne, abiria wakipungua, sigara tena. Saa saba chipsi kavu za haraka, kachumbari ameiacha pembeni. Jioni sigara inamvusha mpaka saa tatu usiku, ndipo anakula ugali mkubwa na nyama, analala. Kwa macho ni mwembamba. Kwa chakula, anakula mlo mmoja na nusu kwa siku, mwingi usiku, bila tunda wala mboga ya maana. Si wa pekee: tafiti za nchi nyingi zimeona kwamba wavutaji, ukiwalinganisha na wasiovuta, hula matunda na mboga kidogo zaidi na mafuta mengi zaidi.

Hapo ndipo sifa ya sigara kuwa dawa ya mwili mwembamba inapoanza kuvuja. Mizani husema kilo tu. Chukua utepe wa fundi cherehani uzungushe kiunoni, utaona habari nyingine: wavutaji, hasa wa sigara nyingi, huelekea kurundika mafuta tumboni kuliko wasiovuta wenye uzito sawa nao. Ndiyo maana utamkuta mtu mikono kama vijiti na kitambi mbele. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayosumbua zaidi kazi ya insulini, na mamlaka za afya za Marekani zinaeleza kwamba mvutaji ana hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyo juu kwa asilimia 30 hadi 40 kuliko asiyevuta. Huo ndio wembamba unaouzwa.

Na ndiyo, uliuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya American Tobacco, chini ya George Washington Hill, iliwatangazia wanawake wa Marekani kwamba wakitamani kitu kitamu wachukue sigara ya Lucky Strike badala yake. Watengenezaji wa peremende walipiga kelele, lakini sigara zilinunuliwa. Mwaka 1968 Philip Morris ikaleta Virginia Slims, sigara nyembamba iliyolengwa kwa wanawake. Dada yangu wa ofisini hajawahi kuyaona matangazo hayo, na bado maneno yake ni yaleyale ya Hill.

Sasa tuingie jikoni.

Kwanza, usianze kuacha sigara na kujinyima chakula siku moja. Najua hamu ya kufanya yote kwa mpigo, mwaka mpya, Jumatatu, kuanzia leo. Dalili za kukosa nikotini, ile arosto, hufika kileleni siku mbili tatu za mwanzo, na nyingi hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne, ingawa hamu ya kula huweza kukaa muda mrefu zaidi. Mwenye njaa na arosto kwa pamoja atarudia kilicho karibu zaidi, na kilicho karibu zaidi ni sigara ya kununua moja moja pale kioski. Mwezi wa kwanza shughulika na sigara. Kula ushibe, ila panga unachokula na saa ya kukila. Kilo zihesabiwe baadaye.

Kupanga kunaanza asubuhi. Aliyezoea kahawa na sigara hajui kwamba ana njaa saa moja asubuhi, kwa kuwa hajawahi kuisikia. Usiisubiri ikuvamie saa nne mbele ya kikaango cha vitumbua. Kula kabla ya kutoka: uji wa ulezi, au viazi vitamu vya kuchemsha na yai, au maharage ya jana na kipande cha chapati. Kisha mchana, kula mchana. Kisha usiku, sahani ndogo kuliko ile ya zamani, kwa kuwa ile ilikuwa inalipia deni la siku nzima. Mtu asiyekubali kubadilisha chakula cha usiku, huku ameongeza asubuhi na mchana, ndiye atakayenunua suruali mpya.

Halafu itafutie milo yako nukta mpya. Ninayoipenda ni chungwa, na liwe la kumenya mwenyewe kwa kisu. Mikono yote miwili ina kazi, ganda linazunguka polepole, unakata, unanyonya, unatema kokwa, unanawa. Hamu kali ya sigara kwa kawaida hudumu dakika chache tu, na chungwa limezila. Kisha simama. Usikae kwenye kiti kile ulichokuwa unavutia. Peleka sahani, piga mswaki, ondoka. Mswaki wa mti nao una faida yake: unakaa mdomoni, mkono unaushika, unaweza kutembea nao barabarani, na hakuna atakayekuuliza kwa nini unautafuna. Aliyezoea kushika kitu kati ya vidole atanielewa.

Tunda lina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwauliza wavutaji ni vyakula gani vinaifanya sigara iwe mbaya mdomoni na vipi vinaifanya iwe tamu. Matokeo yao ya mwaka 2007: matunda, mboga, maziwa na maji huiharibu ladha ya sigara, nyama, kahawa na pombe huinogesha. Kwa mtu wa kwetu maana yake ni wazi. Meza ya nyama choma na bia Ijumaa jioni, katikati ya marafiki wanaovuta, ndiyo meza mbaya kuliko zote kwa wiki za mwanzo. Ikwepe kama wiki sita hivi. Marafiki wapo, na mbuzi hawajaisha.

Kahawa inahitaji neno lake. Moshi wa sigara huharakisha kazi ya ini ya kuvunja kafeini, kwa hiyo mvutaji anaweza kunywa vikombe vingi bila kutetemeka. Ukiacha, ndani ya siku chache ini linarudi mwendo wake wa kawaida, na kafeini ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mtu anakosa usingizi, mikono inatetemeka, roho inamwenda mbio, naye anasema arosto imenishinda. Mara nyingine ni kahawa tu. Punguza nusu kuanzia siku unayoacha. Kinachofanya kazi hiyo ni moshi, nikotini haimo, kwa hiyo hata anayetumia bigijii au plasta ya nikotini inamhusu. Chai ya rangi nzito nayo ihesabiwe. Kijiweni, kikombe kimoja badala ya vitatu, na kashata ipishe.

Maana mtego mkubwa ni sukari. Anayeacha sigara hutafuta kitu cha kuweka mdomoni mara ishirini kwa siku, mara zilezile alizokuwa akivuta, na kioski kilichokuwa kinamuuzia sigara kinauza pia peremende, biskuti na soda baridi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko nane vya chai. Mbili kwa siku, na ile hesabu ya andazi moja imeshavukwa mbali. Mfukoni weka vitu vinavyochukua muda mdomoni bila kushibisha mwili: bigijii isiyo na sukari, karoti iliyokatwa, tango, embe bichi lenye chumvi kidogo na pilipili, iliki ya kutafuna, mdalasini. Karanga ni nzuri, lakini gramu 100 zake hukaribia kilokalori 600, kwa hiyo chukua kiganja kimoja ufunge mfuko. Usile huku unaangalia mpira. Ubuyu wa rangi ni peremende iliyovaa kanzu, usijidanganye nao.

Anayetumia bigijii ya nikotini, na kwa wengine hiyo huchelewesha kunenepa wakati inatumika, mara nyingi huitumia vibaya. Haitafunwi kama bigijii ya kawaida. Tafuna polepole mpaka usikie ukali, kisha ibane kati ya shavu na ufizi, subiri, tafuna tena. Soda, kahawa na juisi kali huzuia nikotini isipenye mdomoni, kwa hiyo usinywe wala kula robo saa kabla yake. Wengi wanaolalamika kwamba haifanyi kazi wanaitafuna na soda.

Kutembea nako kusisahauliwe, na sisemi gym. Mwendo wa haraka wa dakika kumi au kumi na tano hupunguza hamu ya sigara papo hapo, zaidi ya kuchoma kalori. Hamu ikikubana, shuka kituo kimoja kabla.

Kwa Waislamu wavutaji, Ramadhani ni nafasi ambayo wengi huipoteza kila mwaka. Mtu anayesema hawezi kumaliza saa mbili bila sigara anakaa kutoka alfajiri hadi magharibi bila hata kuigusa, siku nzima, mwezi mzima. Uwezo anao. Tatizo ni kile kinachotokea adhana ikisikika: wengine huwahi sigara kabla ya tende, na kati ya futari na daku wanavuta za mchana zote walizozikosa. Ukitaka kuutumia mwezi huo kuacha, mapambano yako ni ya usiku tu. Futuru kwa tende na maji, nenda uswali magharibi kabla ya kukaa kwenye sinia, kisha rudi kwenye uji, mbaazi na samaki. Baada ya hapo tarawehe, pasipo moshi. Chunga kaimati na tambi, kwa kuwa ulimi wako unaamka wakati huohuo ambapo meza ina sukari kuliko mwezi wowote. Na siku ya hatari si ya kumi wala ya ishirini. Ni asubuhi ya Idi, kikombe cha kwanza cha kahawa mchana kweupe. Jua utakuwa wapi asubuhi hiyo na utakuwa na nani.

Nilisema yule aliyekonda naye ana la kuangalia. Uvutaji unaweza kumfanya mtu awe mwembamba, lakini usiipe sigara lawama za kila kilo iliyopotea. Mvutaji ana hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na kifua kikuu hukondesha. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitoka jasho usiku, nguo zikilegea bila sababu, usiseme ni sigara tu, nikiacha nitanawiri. Nenda ukapime makohozi. Katika vituo vya serikali Tanzania kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Sauti iliyokwaruza wiki nyingi, chakula kukwama kooni, au damu kwenye makohozi, hayo nayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya uji wa lishe.

Swali jingine linalokuja sana ni la vitamini. Mwili wa mvutaji hutumia vitamini C haraka zaidi. Wataalamu wa lishe wa Marekani huweka mahitaji yake juu kwa miligramu 35 kwa siku kuliko ya asiyevuta, kiasi ambacho pera au chungwa linakifikisha. Huhitaji kidonge. Na vidonge vya beta-karotini, ile iliyomo kwenye karoti, mvutaji asivimeze kabisa. Jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 1994 liliwapa wavutaji vidonge hivyo likitarajia kuwakinga na saratani ya mapafu. Waliovimeza waliugua zaidi. Karoti yenyewe, boga na mchicha kula bila hofu.

Mizani ipande mara moja kwa wiki, asubuhi, si kila siku. Mwezi wa pili ukishatulia, ndipo upunguze ugali kwa robo sahani, uongeze mboga, ukate soda ya mwisho. Hata ukibaki na kilo zote tano, faida ya kuacha haifutiki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba walioacha na kunenepa walikuwa na hatari zaidi ya kisukari kwa muda, ikifika kileleni miaka mitano hadi saba baada ya kuacha kisha ikishuka, na bado hatari yao ya kufa mapema ilikuwa chini kuliko ya waliobaki wanavuta. Ambao hawakunenepa hawakuongezewa hatari hiyo ya kisukari. Ndiyo sababu nakusumbua kuhusu andazi.

Wenye kisukari tayari wapime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, hasa wanaojidunga insulini, maana dozi inaweza kuwa kubwa mno mwili ukianza kuisikiliza insulini vizuri. Wanaotumia baadhi ya dawa za akili kama clozapine na olanzapine, au theophylline ya pumu, wamwambie daktari kabla ya siku ya kuacha. Ini lililokuwa linaharakisha kahawa lilikuwa linaharakisha na dawa hizo, na dozi yao ilipangwa kwa mwili unaovuta.